Kumshuhudia Jirani Apate Kitambulisho

Katika Surat al-Baqara, aya ya 283, Mwenyezi Mungu (s.w.) anatukataza kuficha ushahidi, na anatufahamisha kuwa mwenye kuuficha moyo wake una dhambi. Aya hiyo inazungumzia madeni na rehani, lakini hukumu yake haikomei sokoni. Tuitazame leo katika haki ya kupiga kura.

Ndugu Waislamu, tukisikia kura imeibwa, fikra zetu hukimbilia kwenye masanduku na hesabu. Huku Pwani na Kaskazini Mashariki mwa Kenya kura nyingi zimepotea mapema zaidi, mlangoni mwa ofisi ya usajili. Asiye na kitambulisho wala pasipoti haandikishwi, na asiyeandikishwa hapigi kura. Kwa miaka mingi kijana wa Garissa, au Mnubi wa Kibera, alipelekwa mbele ya kamati ya uhakiki na kudaiwa hati za babu yake, hali wenzake wa sehemu nyingine hawakuulizwa hayo. Wapemba, wavuvi walioishi Kwale na Kilifi vizazi kadhaa, walitambuliwa mwaka 2023 tu. Hesabu mwenyewe ni chaguzi ngapi zilizowapita.

Sheria haikuruhusu dhulma hii. Ibara ya 83 ya Katiba ya 2010 inataka taratibu za kuandikisha wapiga kura zimrahisishie raia anayestahiki, zisimnyime haki yake. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kufuta uhakiki wa ziada katika kaunti za mpakani. Ni jambo jema, lakini tangazo halijazi fomu. Kijana bado anahitaji cheti cha kuzaliwa, karatasi za wazazi, na mara nyingi neno la chifu ambaye pengine hamjui kabisa. Imamu anamjua, maana ndiye aliyeozesha wazazi wake. Mwalimu wa madrasa ana jina lake daftarini. Wazee wa mtaa walimzika babu yake. Huo wote ni ushahidi, na tukikaa nao kimya tumeuficha. Binti ndiye husahauliwa zaidi. Kitambulisho chake huambiwa kingoje mpaka aolewe!

Wako watakaosema siasa haina nafasi msikitini. Kumpigia debe mgombea juu ya mimbari hata mimi sikubali. Kumsaidia raia apate haki yake ni jambo jingine.

Ila ushahidi uwe wa kweli. Kumshuhudia asiye raia, au kumwongezea mtoto umri, eti kwa kuwa ni Muislamu mwenzetu, ni ushahidi wa uongo, na Mtume (s.a.w.) ameuhesabu miongoni mwa madhambi makubwa kabisa. Na anayeuza kitambulisho chake kwa shilingi mia chache siku ya kura amemsaidia dhalimu kazi.

Uchaguzi mkuu ni 2027. Kamati za misikiti zianze Ijumaa hii: meza moja nje baada ya swala, daftari, na mtu wa kuandika nani ametimiza miaka 18 na anakosa karatasi gani. Wapatikane wazee wawili wa kumsindikiza ofisini. Akirudishwa, iandikwe tarehe, ofisi na sababu aliyopewa, ili wakili apate pa kuanzia.