Dawa za Kuzuia Interlukini kwa Baridi Yabisi ya Soriasisi: Mwongozo kwa Wahudumu wa Afya

Baridi yabisi ya soriasisi ni ugonjwa wa kudumu unaoshambulia viungo, kano, uti wa mgongo, ngozi na kucha. Huwapata hadi watu 3 kati ya 10 wenye soriasisi, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 30 hadi 50, yaani katika miaka ya kulea familia na kuzalisha mali. Mwaka 2013 ustekinumab iliidhinishwa nchini Marekani kutibu ugonjwa huu, na tangu hapo dawa za kibayolojia zinazolenga interlukini zimeongezeka na kubadili matumaini ya wagonjwa. Mwongozo huu unahusu wajibu wa daktari, tabibu, mfamasia na muuguzi wanaomhudumia mgonjwa anayestahili kupewa dawa hizo. Msingi wake ni mmoja: faida ya sindano hutegemea maandalizi yaliyofanyika kabla ya dozi ya kwanza na usimamizi unaofuata.

Namna dawa zinavyofanya kazi

Interlukini ni protini ambazo seli za kinga hutumia kupashana taarifa. Kwa mgonjwa wa soriasisi, interlukini 23 huzistawisha seli za kinga zinazomwaga interlukini 17. Hiyo interlukini 17 ndiyo inayozifanya seli za ngozi zizaliane kwa kasi hadi magamba yatokee. Huchochea pia uvimbe ndani ya viungo na mahali kano zinapojishika kwenye mfupa, na huchangia mfupa kulika.

Dawa zenyewe ni kingamwili zinazotengenezwa maabara na kudungwa chini ya ngozi. Kundi la kwanza huzuia interlukini 17: secukinumab na ixekizumab hulenga aina ya A, na bimekizumab hulenga aina za A na F kwa pamoja. Kundi la pili, lenye guselkumab na risankizumab, huzuia interlukini 23 peke yake. Ustekinumab hushika sehemu inayopatikana katika interlukini 12 na pia katika interlukini 23. Tofauti hizi zina uzito wakati wa kumchagulia mgonjwa dawa.

Utambuzi sahihi

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha ugonjwa huu. Kipimo cha rumatoidi, ambacho vituo vingi hukitegemea, kwa kawaida huonyesha hasi, na mgonjwa akaambiwa hana tatizo. Utambuzi hujengwa kwa historia na uchunguzi wa makini. Mgonjwa huvuliwa viatu na kisigino hubonyezwa mahali kano inapojishika. Vidole hutazamwa kimoja kimoja, kwa kuwa kidole kilichovimba chote kuanzia shina hadi ncha ni dalili nzito. Kucha huangaliwa kama zina vishimo vidogo au zimeachana na nyama. Soriasisi hutafutwa pia mahali inapojificha: ndani ya nywele, nyuma ya masikio, kwenye kitovu na kati ya makalio. Kwa ngozi nyeusi wekundu unaotajwa vitabuni mara nyingi hauonekani; madoa huwa ya zambarau, ya kijivu au meusi zaidi ya ngozi inayoyazunguka.

Vigezo vya CASPAR vya mwaka 2006 vinasaidia kupanga dalili hizo kwa utaratibu. Ucheleweshaji una gharama: miezi 6 ya kusubiri kabla ya kufika kwa bingwa imehusishwa na mifupa kulika na viungo kupoteza uwezo. Tabibu wa kituo cha kwanza anayeandika rufaa mapema amefanya sehemu kubwa ya tiba.

Katika hatua hii ipo tabia inayopaswa kukomeshwa. Mgonjwa hudungwa steroidi mara kwa mara ili apate nafuu ya haraka, au huuziwa unga wa mitishamba uliochanganywa na steroidi kwa siri. Nafuu huja, lakini dawa inapokatishwa soriasisi inaweza kulipuka kwa vipele vya usaha mwili mzima. Kila mgonjwa aulizwe kwa upole na bila lawama alichotumia kabla ya kufika kituoni.

Kabla ya dozi ya kwanza

Mapendekezo ya jumuiya ya Ulaya ya magonjwa ya baridi yabisi, EULAR, yaliyohuishwa mwaka 2023, yanataka mgonjwa wa viungo vya mikono na miguu aanze kwa kawaida na dawa kama methotrexate. Dawa ya kibayolojia hufuata pale lengo lisipofikiwa. Ugonjwa ukiwa umetawala uti wa mgongo, methotrexate haisaidii. Dawa za kawaida za kupunguza uvimbe zikishindwa, mgonjwa huelekezwa moja kwa moja kwenye dawa ya kibayolojia. Methotrexate humezwa mara moja tu kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa makosa kumewahi kuua, hivyo mfamasia aandike jina la siku kwenye pakiti na mgonjwa airudie siku hiyo kwa mdomo wake kabla ya kuondoka dirishani.

Uchunguzi wa kifua kikuu hauna mbadala katika nchi zetu. Dawa za kuzuia interlukini 17 na 23 zimeonekana kuamsha kifua kikuu mara chache kuliko zile za kuzuia TNF, protini nyingine ya kinga inayochochea uvimbe, lakini jambo hilo halimwondolei mhudumu wajibu wa kupima. Mgonjwa huulizwa kuhusu kikohozi, homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito na mtu wa nyumbani aliyewahi kuugua. Hufuata picha ya kifua na kipimo cha ngozi au cha damu. Kwa aliyeshushwa kinga, uvimbe wa milimita 5 au zaidi katika kipimo cha ngozi huhesabiwa kuwa chanya. Mwenye maambukizi yaliyolala hupewa dawa kinga, kama isoniazid kwa miezi 6 au isoniazid na rifapentine mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Kwa kawaida sindano husubiri angalau mwezi mmoja tangu dawa kinga ianze. Mwenye kifua kikuu kinachofanya kazi hutibiwa kwanza.

Homa ya ini aina ya B na C na Virusi vya Ukimwi hupimwa katika hatua hiyo hiyo. Jibu chanya halimnyimi mgonjwa tiba moja kwa moja. Linadai ushirikiano na mabingwa wa maeneo hayo. Chanjo nazo zikamilishwe mapema. Zile zenye vimelea hai, ikiwemo ya homa ya manjano na ya surua, hazitolewi mgonjwa akiwa kwenye dawa hizi. Dereva wa lori, mfanyabiashara wa mpakani au yeyote anayesafiri kikazi aulizwe kuhusu cheti chake cha homa ya manjano kabla matibabu hayajaanza.

Kuchagua dawa inayomfaa mgonjwa

Dalili zinazomsumbua mgonjwa na magonjwa mengine aliyonayo ndiyo yanayoongoza uchaguzi. Soriasisi ikiwa imeenea sana, dawa za interlukini 17 na 23 hutoa matokeo bora kwa ngozi. Uti wa mgongo ukiwa umeshambuliwa, dawa za interlukini 17 zina ushahidi. Zile za interlukini 23 hazikufaulu katika majaribio ya ugonjwa wa uti wa mgongo unaofanana na huu. Mwenye ugonjwa wa Crohn au vidonda sugu vya utumbo mpana asipewe dawa za interlukini 17, kwa kuwa zinaweza kuchochea utumbo. Interlukini 23 ndilo lengo salama zaidi kwake. Mwenye uvimbe wa ndani ya jicho unaojirudia hufaidika zaidi na kingamwili za kuzuia TNF.

Matarajio yaelezwe kwa ukweli. Katika jaribio la FUTURE 2, lililochapishwa mwaka 2015, asilimia 54 ya waliopewa secukinumab miligramu 300 walipata nafuu ya angalau asilimia 20 kufikia wiki ya 24, dhidi ya asilimia 15 ya waliodungwa sindano isiyo na dawa. Haya ni mafanikio makubwa, na yanaonyesha pia kwamba wapo wengi ambao dawa ya kwanza haitawatosha.

Utunzaji na udungaji

Dawa hizi huhifadhiwa kwenye jokofu kati ya nyuzi joto 2 na 8. Haziruhusiwi kuganda, kutikiswa wala kukaa juani. Secukinumab ikitolewa kwenye jokofu inaweza kukaa hadi siku 4 mahali pasipozidi nyuzi 30. Kwa miji ya Dar es Salaam na Mombasa, ambako joto la mchana huvuka kiwango hicho katika miezi ya kaskazi, ruhusa hiyo isichukuliwe kuwa kinga. Mgonjwa anayebeba dawa kwa basi apewe kisanduku chenye vipande vya barafu vilivyofungwa kitambaa, ili sindano isigusane na barafu. Mfamasia ahakikishe kabla kwamba nyumbani kuna jokofu na umeme wa uhakika. Ikiwa havipo, mpango wa kuitunzia dawa kituoni uandaliwe.

Siku ya kudunga, muuguzi hukagua jina, dozi na tarehe ya mwisho ya matumizi, kisha huacha sindano mezani nusu saa ipungue ubaridi, bila kuiweka kwenye maji moto. Kimiminika hutazamwa mbele ya mwanga. Kikiwa na ukungu au chembechembe hakitumiki. Sehemu za kudunga ni paja, tumbo nje ya eneo la sentimita 5 kuzunguka kitovu, au mkono wa juu, na hubadilishwa kila mara. Ngozi yenye magamba au mchubuko haidungwi. Sindano iliyotumika huingia moja kwa moja kwenye kisanduku cha usalama.

Ufuatiliaji

Lengo ni ugonjwa kutulia kabisa au kubaki katika kiwango cha chini kilichopimwa. Kipimo kinachokubalika huangalia mambo 7, yakiwemo idadi ya viungo vilivyovimba, ngozi, maumivu na uwezo wa kufanya kazi. Mgonjwa akitimiza 5, lengo limefikiwa. Nafuu ya kweli itazamwe kufikia mwezi wa 3, na lengo kufikia wa 6. Pasipo maendeleo, dawa ibadilishwe badala ya kuendelezwa kwa mazoea.

Maambukizi ya njia ya hewa ndiyo ya kawaida. Dawa za interlukini 17 huongeza fangasi wa mdomoni na sehemu za siri, ambao mara nyingi hutibika bila kuacha sindano. Homa kali, kikohozi kisichokoma au kuhara damu humrudisha mgonjwa kituoni kabla ya dozi inayofuata. Kila dhara linaloshukiwa liripotiwe kwa mamlaka ya dawa ya nchi: TMDA kwa Tanzania, Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, Mamlaka ya Taifa ya Dawa kwa Uganda.

Ridhaa, gharama na maadili

Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa faida, hatari, njia mbadala na bei ya mwaka mzima. Kutaja bei ya dozi moja na kunyamazia zinazofuata ni udanganyifu, hata pasipo nia mbaya. Secukinumab huanza kwa sindano 5 za kila wiki, kisha moja kila wiki 4. Guselkumab hutolewa wiki ya 0 na ya 4, kisha kila wiki 8. Familia iliyouza shamba kulipia miezi ya mwanzo na kuishiwa katikati imepoteza fedha na nafuu pia. Bima iulizwe kwa maandishi kabla ya kuanza, na dawa zinazofanana na asilia, ambazo kwa ustekinumab zimekwishaidhinishwa, zizingatiwe pale zinapopatikana zikiwa zimesajiliwa. Uchaguzi usifungamane na zawadi wala safari zinazotolewa na wauzaji.

Mgonjwa pia ni mfanyakazi. Soriasisi haiambukizi, na cheti cha daktari kieleze hivyo wazi pale mwajiri anapomtenga mtu kwa hofu ya ngozi yake. Siri ya ugonjwa ibaki ya mgonjwa. Mwajiri ajulishwe kwa ridhaa yake, na kwa kiwango kinachohitajika kumpangia kazi inayomfaa.

Kituo kisichoweza kupima kifua kikuu, kutunza ubaridi wa dawa na kumfuatilia mgonjwa kwa kumbukumbu zilizoandikwa hakipaswi kuanzisha tiba hii. Kimpe mgonjwa rufaa. Kituo chenye uwezo huo nacho kina deni la kuutumia mapema, kabla viungo havijaharibika, kwa kuwa mfupa uliokwisha kulika haurudishwi na sindano yoyote.