SOMO LA ROBO HII: Uzazi wa Mpango kwa Mama Anayefanyiwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito



Wengi wetu hudhani upasuaji wa kupunguza uzito ni jambo la mijini tu. Ni kweli kwamba huduma hiyo hutolewa katika hospitali kubwa, kama Muhimbili-Mloganzila, Dar es Salaam. Lakini mama wa Mbinga au Mbamba Bay akishatibiwa hurudi nyumbani, na anayemhudumia tangu hapo ni mhudumu wa zahanati yetu.

Kwa nini azungumziwe uzazi?

Unene uliozidi huweza kuvuruga homoni na kuzuia yai kupevuka. Mama hukaa miaka bila mtoto, majirani wakamwita mgumba, naye haulizi habari za uzazi wa mpango. Baada ya upasuaji uzito hushuka haraka, na mimba yaweza kuingia ndani ya miezi michache. Wataalamu hushauri asubiri miezi 12 hadi 24. Katika kipindi hicho anakula kidogo sana, na madini ya chuma, foliki na vitamini B12 huweza kupungua mwilini. Mama huweza kuishiwa damu, na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Mambo ya kuzingatia

1. Ushauri utolewe kabla ya upasuaji, mume akiwepo ikiwa mama anapenda.

2. Vidonge vya kumeza huenda visifanye kazi vizuri, hasa pale utumbo ulipounganishwa upya ili chakula kiruke sehemu yake. Tena vidonge vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda kwa mama mnene.

3. Kitanzi na kipandikizi havitegemei tumbo, na hudumu kwa miaka.

4. Wanaofuata njia ya asili wajue kwamba mzunguko wa hedhi hubadilika uzito unaposhuka. Kuhesabu siku kwa kalenda peke yake hakutoshi. Wapate mafunzo ya kutambua dalili za mwili.

5. Mama aendelee na vidonge vya vitamini alivyoandikiwa. Dagaa wa ziwani na maharage humsaidia, lakini havichukui nafasi ya vidonge hivyo.

6. Akipata mimba mapema asilaumiwe. Awahi kliniki na aeleze kwamba alipasuliwa, ili damu yake ipimwe mara kwa mara.

Wajibu wetu

Huduma za uzazi wa mpango hutolewa bure katika vituo vya serikali, lakini nauli, vitamini na vipimo vya damu vyaweza kuilemea familia. Hapo ndipo mchango wa kamati na wafadhili unapohitajika, pamoja na kutunza siri ya mgonjwa.

Maswali ya kujadili

1. Katika jumuiya zetu, mwanamke asiye na mtoto huitwaje, na jina hilo humzuia kuuliza nini?

2. Je, mhudumu wa zahanati yetu huuliza kama mama amewahi kupasuliwa tumbo kabla ya kumpa vidonge?

3. Nani atamsindikiza mama huyu kliniki?