Kusema Kabla ya Kuulizwa: Utamaduni wa Taasisi na Taarifa za Hiari



Kila taasisi ina taarifa inazolazimishwa na sheria kuzitoa, na nyingine inazozitoa kwa hiari yake. Hizi za pili ndizo zinazoonyesha utamaduni wake: wakubwa husifu nini, na anayeuliza swali kikaoni hutazamwaje.

Tuchukue mfano wa ndani ya Kanisa. Taasisi ya Shughuli za Kidini (IOR), ambayo wengi huiita Benki ya Vatikani, ilianzishwa na Papa Pio XII mwaka 1942. Kwa takriban miaka 70 haikuchapisha hadharani taarifa yake ya mwaka. Usiri ulikuwa desturi, na desturi haiulizwi sababu. Ndipo tarehe 1 Oktoba 2013 ikachapisha taarifa ya kwanza, ya mwaka 2012, iliyopitiwa na wakaguzi wa nje, ikionyesha faida ya euro milioni 86.6.

Mtu atasema: hiari gani hiyo, wakati Moneyval, kamati ya Baraza la Ulaya inayofuatilia utakatishaji fedha, ilikuwa imeshaitathmini Vatikani mwaka 2012? Ana haki ya kusema hivyo. Kwangu mimi, taarifa ile ilikuwa bado si utamaduni. Aristotle anafundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kuyarudiarudia matendo ya uadilifu. Tendo moja, tena la kusukumwa, halitoshi. Lakini ni lazima pawepo la kwanza. Taarifa nyingine zilifuata, na mwaka 2021 APSA, ofisi inayosimamia mali za Kiti Kitakatifu, nayo ikatoa hadharani mizania yake kwa mara ya kwanza.

Na parokiani je? Kanuni 1287 ya Sheria za Kanisa inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali walizolitolea Kanisa, kadiri ya taratibu za mahali. Hiyo si hiari. Hiari inaanzia mbele ya hapo: kusema kwamba mchango wa mabati ulipungua, au saruji ilinunuliwa ghali.

Katika kigango kimoja nilichotumwa wakati wa likizo, mweka hazina alisoma mapato tu. Mama mmoja akasimama kuuliza matumizi. Akajibiwa, "Mama, kwani huwaamini viongozi wako?" Watu wakacheka kidogo, akaketi. Jumapili zilizofuata hakuna aliyeuliza tena, ingawa hakuna aliyekatazwa.