Mume anayenusa vikombe

*Shangazi, mimi Mkenya, nimeolewa huku Independence, Missouri. Nilibatizwa Community of Christ, ambako chai haina neno. Mume wangu ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile la Utah. Kwao chai na kahawa ni marufuku. Majani yangu nayaficha kwenye kopo la bizari. Yeye akirudi kazini hunusa vikombe. Nani kati yetu amelielewa Neno la Hekima? – Mwenye Kiu*

Haya, binti yangu. La dini nitalimaliza upesi. Joseph Smith, ambaye makanisa yenu yote mawili yametokana naye, alilitoa Neno la Hekima, ushauri wa afya, mwaka 1833 huko Kirtland, Ohio, na andiko lenyewe lilisema halikuja kama amri. Linataja vinywaji vya moto. Ndugu yake, Hyrum, ndiye aliyefafanua kuwa ni chai na kahawa. Kanisa lako limeuacha ushauri ubaki ushauri. La mumeo limeufanya sharti la kuingia hekaluni. (Soda yenye kafeini hawaikatazi, ila hayo tuwaachie wenyewe.) Kila mmoja ashike lake.

Turudi kwenye vikombe. Mtu mzima anatoka kazini, hata viatu hajavua, anainamia sinki kunusa alichonywea mkewe! Huo upolisi kautoa wapi? Anapohojiwa ili apate kibali cha hekalu, huulizwa kama yeye analishika Neno la Hekima. Ya mkewe haulizwi. Tena katika mahojiano hayohayo huulizwa mwenendo wake kwa watu wa nyumbani kwake. Mkumbushe swali hilo kwa upole, siku ameshiba.

Na wewe nawe! Majani ya chai ndani ya bizari? Umehama nchi, umeanza maisha ugenini, halafu unakunywa chai kwa kuibia kama mtoto aliyedokoa sukari? Siku ulipoificha ulikiri kosa ambalo kanisa lako halikuhesabii, naye akapata cha kutafuta. Na hiyo pilau yako siku hizi ina ladha gani, Mungu wangu?

Leo majani yapate kopo lake, likae rafu ya mbele. Chemsha naye akiwepo. Usimkaribishe chai kwa kejeli. Ahadi yake kwa Mungu iheshimu, umchemshie mchaichai, kanisa lake halina ugomvi nao. Akikiinua kikombe chako akipeleke puani, mwambie, "Ni chai, mume wangu. Nimetia iliki."