Kusoma Vitabu vya Kale

Wako watu wasomao kitabu mbio mbio; wakifika mwisho, hawakumbuki walilolisoma. Na wako wengine waaminio kila neno lililopigwa chapa, kana kwamba chapa haiwezi kusema uongo. Hao wote hawajajua kusoma. Vitabu vya kale vyaweza kutufundisha njia iliyo bora.

Zamani, katika mji wa Athene, nchi ya Wayunani, alikuwako mtu jina lake Socrates. Yeye hakuandika kitabu hata kimoja. Kazi yake ilikuwa kwenda sokoni na kuwauliza watu maswali. Akikutana na jemadari, humwuliza, "Ushujaa ni nini?" Akikutana na mtu wa dini, humwuliza, "Uchaji ni nini?" Mara nyingi aliyeulizwa alitambua ya kuwa halijui lile alilodhani analijua. Wengi wakamchukia. Mwaka 399 kabla ya Kristo alishtakiwa kwamba haiheshimu miungu ya mji, tena kwamba anawapotosha vijana, akahukumiwa kufa. Rafiki zake walitaka kumtorosha gerezani, naye akakataa, maana hakutaka kuzivunja sheria za mji wake. Akanywa sumu, akafa. Habari hizi twazijua hasa kwa sababu mwanafunzi wake, Plato, aliziandika.

Kitabu cha pili ni mchezo wa Mwingereza Shakespeare juu ya Julius Caesar, ulioandikwa yapata mwaka 1599. Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili, na tafsiri yake ikatolewa mwaka 1963, naye akiwa Rais wa Tanganyika. Humo Brutus na wenzake wanamwua Caesar. Kisha Brutus anawahutubia watu wa Roma, nao wanamsifu kwa vigelegele. Baada yake anasimama Antony, rafiki wa marehemu. Naye akiisha kusema, watu wale wale wanakimbia kuzichoma moto nyumba za wauaji. Njiani wanakutana na mshairi aitwaye Cinna. Mmoja wa wauaji naye aliitwa Cinna. Mshairi analia, "Mimi siye!" lakini hawamsikilizi, wanamwua kwa ajili ya jina tu.

Kila nisomapo habari za mshairi yule, naingiwa na hofu. Watu wale hawakuwa wabaya kuliko sisi. Walimwamini yule aliyesema mwisho, wala hapakuwa na mtu wa kuuliza swali kama Socrates.

Huenda mtoto wa Mbeya akasema, "Athene ni mbali, na Roma ni mbali, mambo hayo yatuhusu nini?" Basi na atazame karibu, kwa jirani zetu wa Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mtwa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani, na mkuu wa jeshi hilo, Emil von Zelewski, akauawa. Wajerumani waliandika habari zao. Wazee wa Kihehe wakawasimulia watoto wao habari zao. Wahenga walisema, "Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake." Kwa hiyo msomaji mwenye busara huzisikiliza pande zote mbili, kisha huuliza maswali matatu: Ni nani asemaye? Ameyajuaje? Ameacha kusema nini?

Maswali hayo yamfaa kila mwandishi. Hata Plato alimpenda mwalimu wake; basi naye aulizwe. Hata mwalimu wenu darasani na aulizwe, kwa adabu na kwa saa yake. Kuuliza hivi si kumdharau mkubwa, ila ni kuitafuta kweli pamoja naye. Asiyeuliza leo mbele ya kitabu, kesho hatauliza katikati ya watu wenye hasira. Na hapo mtu asiye na hatia aweza kufa.

Maswali

1. Kwa nini watu wengi walimchukia Socrates?
2. Cinna mshairi aliuawa kwa kosa gani?
3. Eleza maana ya methali "Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake."
4. Mwombe mzee wa kwenu akusimulie habari moja ya zamani. Iandike, kisha ujaribu kuijibia yale maswali matatu.