Matete ya Bwawani: Kabla Hujashika Panga

Masika ikikaribia, simu yangu huanza kulia. Mtu ana bwawa kule Ruiru, au chimbo la mawe la Juja lililojaa maji, au kipande cha shamba kando ya mto huku kwetu Githurai 45, naye anataka jambo moja tu: dawa ya kuua matete. Ameshatazama video ya Wamarekani wakiyanyunyizia kutoka kwenye helikopta, na duka la pembejeo lina chupa inayoahidi kumaliza kila kijani. Mimi humwuliza kwanza kama amewahi kuingia humo ndani akayatazama kwa karibu. Wengi hawajawahi.

Nina kitalu cha miche kando ya maji, na pamoja na vijana wa mtaa tunatunza bwawa la zamani la shamba la kahawa ambalo sasa limezungukwa na ploti. Ninayoeleza hapa nimeyapata kwa kulowa hadi kifuani. Kama una maji yako yanayomezwa na matete, fuata, ila usitarajie njia ya mkato.

Ile video kwanza, maana haidanganyi. Kwenye fukwe za Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, hasa Ziwa Erie na Ziwa Huron, tete kutoka Ulaya limevamia mabwawa ya pwani ya maji baridi na kuota ukuta unaopita mita nne. Kwa miaka mingi watu walishindwa kuelewa kwa nini mmea ambao ulikuwa kwao tangu jadi umegeuka ghafla kuwa adui. Mwaka 2002 mwanasayansi Kristin Saltonstall alichapisha utafiti wa vinasaba, akilinganisha matete ya sasa na majani makavu yaliyohifadhiwa kwenye makavazi ya mimea, akaonyesha kwamba aliyeenea ni ukoo mgeni, na kwamba sehemu nyingi umemfukuza mwenyeji. Wana haki ya kupigana naye.

Lakini huku kwetu tete ni mwenyeji. Phragmites, yaani matete yenyewe, yapo Kenya tangu zamani, na tifa pia, mmea ambao wengi huuchanganya na tete. Mvamizi halisi wa maji yetu ni gugumaji, lililotoka bonde la Amazon, likaonekana upande wa Kenya wa Ziwa Victoria mwaka 1990, na kufikia 1998 likawa limefunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Hilo lililetewa wadudu, fukusi wa aina ya Neochetina, wenye asili ya Amerika Kusini kama lenyewe. Fukusi hao pamoja na hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998 vililipunguza sana kwa muda. Kwa mmea wa kienyeji dawa ya namna hiyo haipo, wala haifai kutamaniwa: mdudu utakayemwachilia bwawani kwako ataenda kula kinamasi cha jirani kinachotunza chemchemi yake. Kwa hiyo ukiona mwenyeji ameanza kutenda kama mvamizi, tafuta kwanza nani anamlisha.

Sasa ingia majini, ukiwa na viatu vya mpira virefu na fimbo ya kupima tope. Usiingie peke yako hata siku moja. Bwawa la zamani huwa na tope linaloweza kumshika mtu mzima kiunoni, vipande vya chupa, na pengine konokono wa kichocho. Kata bua moja uliangalie. Tete lenyewe lina bua la mviringo, tupu ndani, lenye vifundo, na kila kifundo hutoa jani lake. Juu lina shungi la manyoya. Funjo lina bua la pembe tatu na mwavuli wa nyuzi. Tifa haina vifundo: majani yake ni marefu, bapa, yanachomoza chini kabisa, na ua lake limekaa juu ya kijiti kama smokie ya pale stendi. Ukikosa uhakika, kausha kipande chenye ua kati ya magazeti ukipeleke makavazi ya mimea pale Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Mabwawa mengi niliyoitiwa kati ya Githurai na Juja yamejaa tifa, hata kama mwenyewe anasema matete, kwa hiyo kuanzia hapa nasema tifa.

Chukua jani lake, likate upande karibu na shina, ulielekeze kwenye mwanga. Utaona vyumba vidogo vidogo vilivyopangwa safu kwa safu, vyote vitupu. Ukilibonyeza ndani ya maji linatoa mapovu. Hewa hiyo haikai tu. Inashuka hadi kwenye shina nene linalotambaa ndani ya tope, ambamo hakuna oksijeni. Na hata jani lililokufa likakauka, maadamu limesimama juu ya maji, bado linapitisha hewa. Shika jambo hilo, maana kazi yote ya panga inategemea hapo.

Kabla ya panga, uliza wazee. Shosho mmoja jirani yetu alichuma kahawa kwenye shamba lile tangu akiwa msichana. Nilimfuata nikitaka kujua tifa ilianza lini, akanijibu kuhusu kina.

“Wewe kijana, pale ukutani mwanaume mrefu alikuwa anazama,” akasema. “Tulikatazwa hata kuosha miguu.”

“Na haya matete, shosho?”

“Yalikuwa kule juu tu, mto unapoingilia. Kahawa iling'olewa, nyumba zikaanza kujengwa, maji yakaja mekundu kila mvua. Yakaja na hayo.”

Tukapima. Pale aliposema mtu mrefu anazama, maji yalinifika mapajani, na fimbo ikaendelea kushuka ndani ya tope laini kabla haijagonga chini. Tifa hupata shida maji yakiwa na kina cha zaidi ya mita moja na nusu hivi. Mchanga wa mijengo ndio ulioijengea ngazi. Ziwa Jipe, mpakani mwa Kenya na Tanzania, linabeba msiba huo huo kwa ukubwa wake: udongo unaoletwa na Mto Lumi kutoka miteremko ya Kilimanjaro umelifanya liwe la kina kifupi, na tifa imesonga ndani. Kwetu kuna na sababu ya pili, ambayo watu hawapendi kuitaja mkutanoni. Mitaa yetu ilijengwa kabla ya mabomba ya maji taka kuifikia, na mvua ikinyesha usiku kuna wanaofungulia choo mtaroni. Naitrojeni na fosforasi ya choo ni mbolea kwa tifa kama ilivyo kwa mahindi.

Fuata mto juu ya bwawa kwa miguu, utazame kila bomba linalomwaga. Piga picha, andika mahali. Usipofanya hivyo, utakuwa mfanyakazi wa kukata majani ya mtu mwingine maisha yako yote.

Kipimo chenyewe hakihitaji shahada. Nunua paipu ya plastiki na viwiko vinne hadwea, uunde mraba wa mita moja kwa mita moja. Funga kamba yenye fundo kila baada ya mita tano, uivute kutoka ukingoni hadi maji ya wazi, na kila penye fundo laza mraba. Ndani yake hesabu mabua mabichi, hesabu makavu, pima refu kuliko yote, pima kina cha maji, pima tope. Laza hapo hapo kwenye fundo hata kama hapapendezi. Ukianza kuchagua mahali, umepima macho yako tu. Halafu chomeka nguzo mbili ukingoni na upige picha kutoka hapo kila mwezi, simu ikielekea upande ule ule. Kwa bwawa kubwa, picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure, zinapatikana tangu 2015, na kila doa la picha ni mita kumi kwa kumi. Zinaonyesha vizuri jinsi kijani kilivyosogea mwaka hadi mwaka. Kwa kijito kinachopita nyuma ya ploti hazikusaidii kitu. Rudi kwenye kamba.

Kuhusu vibali sitasema mengi, ila usiviruke. Kanuni za mazingira za 2009 zinalinda ukingo wa mto kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kutegemea mafuriko yalikowahi kufika. Zungumza na NEMA, mamlaka ya mazingira, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na chama cha watumiaji maji cha mto wako kama kipo. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 hakuna anayetaka kuona watu wenye mapanga mtoni bila barua. Na ile chupa ya duka la pembejeo iache dukani. Chini yako kuna mama ana nduma zake bondeni na mwingine anamwagilia sukuma wiki kwa ndoo. Dawa inayomaliza kila kijani haitaziruka nduma, na baadhi ya viungo vinavyoongezwa ili ishike kwenye majani ni sumu kwa vyura.

Sasa kata. Siri ni kukata chini ya maji, kiganja kizima chini ya uso au zaidi, na kuondoa kila bua, bichi na kavu. Kipande kimoja kilichochungulia juu kinatosha kupeleka hewa kwa majirani zake wote kwenye shina lile lile. Kilichobaki chote kikizama, shina la topeni linakosa pumzi na kuoza taratibu kwa majuma kadhaa. Kwa hiyo ratiba ni ya maji. Wenzetu wa nchi za baridi hungoja majira ya maua, wakati akiba ya chakula shinani imepungua. Tifa ya huku hutoa maua karibu wakati wowote, na kungoja ua ni kupoteza siku. Kata mwisho wa kiangazi, mwezi wa pili kuingia wa tatu, maji yakiwa chini na kazi nyepesi, ili masika ipandishe maji juu ya visiki. Mvua ikichelewa, ziba mlango wa bwawa kwa magunia ya mchanga maji yapande, mradi mhandisi amelikagua tuta. Tuta la zamani likipasuka, tifa itakuwa shida ndogo kuliko zote.

Tumia mundu wa mpini mrefu. Slasha haifai, maji yanaizuia. Kata kabla vile vichwa vya maua havijaanza kutoa pamba, kwani kimoja kinabeba mbegu zaidi ya laki moja, na upepo wa Thika Road hauna mpaka. Weka wavu pale maji yanapotokea ili vipande visiende kumwotea mwenzako wa chini.

Usikate yote. Hapa ndipo huwa nagombana na wenye mabwawa, maana mtu akishalipa vijana anataka kuona maji yanang'aa kote. Mwaka 1965 Weller na Spatcher, waliochunguza ndege wa mabwawa ya Iowa, waliona kwamba ndege wa aina nyingi zaidi hupatikana pale maji ya wazi na mimea vinapogawana karibu nusu kwa nusu. Mimi hufungua katikati na mbele ya mlango wa kutokea, kwa njia zilizopinda, na kuacha mkanda mzima pale mto unapoingilia. Mkanda huo ndio chujio lako. Unakamata mchanga na kula sehemu ya uchafu wa juu; kuna watu wanalipa pesa kujengewa bwawa la mimea la kusafisha maji taka, nawe unalo bure. Kwera pia husuka viota humo mvua ikianza. Ukikuta viota vina makinda, hamia upande mwingine.

Majani uliyotoa yapandishe mbali na maji, yasioze ndani na kurudisha mbolea ile ile. Mimi huyakatakata nikafunika vitalu. Yanahifadhi unyevu vizuri na hayana mbegu za magugu ya shambani. Watu huniomba ya ng'ombe. Machipukizi wanakula, lakini maji yanayopokea taka za gereji na viwanda hupeleka madini mazito ndani ya mmea, na kwa bwawa la namna hiyo jibu langu ni hapana, hata kwa mbuzi.

Rudi baada ya mwezi. Machipukizi yatakuwepo, hasa kwenye kina kifupi ambako visiki havikuzama vizuri. Hayo kata tena, na yale ya ukingoni kabisa chimba kwa jembe ukifuata shina hadi mwisho wake. Kiangazi kinachofuata vuta ile kamba, laza mraba penye mafundo yale yale, ulinganishe. Kama katikati idadi imeshuka lakini pale mto unapoingilia tope limeongezeka, tatizo lako limehamia juu. Nenda na daftari na picha za yale mabomba kwa chifu na kwa ofisi ya maji, si kwa vijana wa mundu.

Mwisho kabisa ndipo uje kitalu. Tifa inapenda jua, kwa hiyo ukingo wenye kivuli huipunguzia nguvu, na mizizi ya miti hushika udongo usiteremke. Nitakuuzia mikuyu na mizambarau. Mkaratusi sitakuuzia, hata uniongezee bei, usije ukanywa maji yote tuliyohangaika kuyafungua.