SOMO: MPIRA UKIPOTEA, TURUDI PAMOJA

Kwa wazazi, viongozi wa familia zilizohama, na wote wanaofundisha wasichana kabumbu katika Kampemba.

Neno la kuanzia
Mwezi wa 11, 2024, timu ya wanawake ya TP Mazembe, ya hapa Lubumbashi, ilitwaa kombe la mabingwa wa Afrika kwa kuishinda AS FAR ya Morocco bao 1 kwa 0. Anayeongoza kwa bao moja lazima ajue kulinda, na kulinda huanza palepale mpira unapopotea.

Shida
Msichana aliyehama kutoka Mitwaba au Pweto anapoteza mpira. Wenzake wanasimama na kumlaumu: «Ni huyu mgeni!» Wakiwa bado wanagombana, wapinzani wanafunga. Kesho yake msichana yule haji. Timu imepoteza bao, tena imepoteza mchezaji.

Mazoezi
Gawanyeni wasichana 12 katika timu mbili. Kila timu iwe na wenyeji na waliohama. Pimeni uwanja wa hatua 40 kwa 25.

1. Mpira ukipotea, aliye karibu zaidi amkabili mwenye mpira. Asijitupe miguuni, asimame ubavu kidogo, amcheleweshe.
2. Wengine wakimbie kuelekea goli lao wakipitia katikati. Wasiufuate mpira wote.
3. Wakifika kati ya mpira na goli, wageuke, wakaribiane, kila mmoja amchunge mpinzani wake.

Waelewane juu ya maneno matatu, hata kama nyumbani mmoja anasema Kiluba na mwingine Kibemba: «Mimi!», «Rudi!», «Kati!»

Kocha ahesabu mpaka 5. Timu iliyorudi kwa wakati ipate pointi moja. Mtu akimlaumu mwenzake, pointi hiyo inafutwa. Kosa lisahihishwe baadaye, mchezo ukisimama.

Maswali ya kujadili
• Ulipopoteza mpira, nani alikimbia kukusaidia? Ulijisikiaje?
• Katika mtaa wetu kitu kikipotea, tunamtafuta wa kulaumu au tunasaidiana kwanza?

Angalisho
Msimlazimishe msichana kusimulia aliyoyaona vitani. Wazazi waombwe ruhusa, mama mmoja awepo uwanjani, na mazoezi yaishe kabla ya jua kutua, ili kila msichana afike kwao salama.

Viongozi, jaribuni somo hili kwa majuma manne. Kisha mhesabu: ni wasichana wangapi waliohama ambao bado wanakuja kucheza?